Vijiko 90 kwa Siku

Kijiko cha chai hubeba mililita 5. Mtoto mchanga wa kilo 3, akishavuka wiki ya kwanza, anahitaji maziwa yapatayo mililita 150 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, yaani mililita 450. Gawanya: ni vijiko 90. Hapo hujahesabu yanayomwagikia shingoni na yanayotokea puani.

Hesabu hiyo niliipiga mara ya kwanza nikiwa nimekaa kwenye benchi la wodi ya watoto, pembeni ya mama aliyekuwa akimlisha binti yake wa mwezi mmoja na nusu. Alikuwa amemkalisha wima mapajani, kichwa kimeegemea kwenye mkono wake wa kushoto, kipande cha kitenge kimezungushwa shingoni mwa mtoto. Anachota nusu kijiko, anakigusisha kwenye mdomo wa chini, anasubiri ulimi utoke kuonja, ndipo anakiinamisha. Mtoto anameza. Mara anapaliwa, maziwa yanachuruzika puani, mama anafuta, anangoja apumue, anaanza upya. Mdomo wa juu wa yule mtoto ulikuwa umegawanyika upande wa kushoto mpaka ndani ya tundu la pua, na ufa uliendelea nyuma kwenye kaakaa, yaani paa la kinywa. Nilimuuliza huko nyumbani nani humpokea akichoka. Akasema bila kuinua macho kwenye kijiko, "Dada, hata kumshika tu wanaogopa."

Tiba ya hali hii, mpasuko wa mdomo na kaakaa, inajulikana. Upasuaji wa kuunga mdomo huchukua saa moja hivi, na katika hospitali kadhaa za Afrika Mashariki mzazi haulipii. Hata hivyo bado wapo watoto wanaofika kwa daktari wakiwa na miaka 6 au 12, na wapo watu wazima wenye ndevu wanaofika wakiwa na ufa uleule waliozaliwa nao. Wengine hawafiki kabisa kwa sababu walikufa kwa njaa au kwa nimonia kabla hawajatimiza miezi mitatu. Ukifuatilia nani kafika na nani hakufika, utakuta jibu halimo ndani ya chumba cha upasuaji. Limo katika nani alimpokea mtoto siku ya kuzaliwa, nani alimtupia mama lawama, nani alishika kijiko na nani alitoa nauli. Mambo haya yamefungamana, ukivuta uzi mmoja mwingine unakuja nao, ndiyo maana watu huishia kusema "ni umaskini tu" na kuacha hapo. Mimi nadhani yanaweza kufunguliwa moja moja.

Ufa unavyotokea

Uso wa mtoto tumboni haufinyangwi kutoka donge moja kama chungu. Hujengwa kwa vipande vinavyoota pande mbili na kusogeleana mpaka vikutane katikati. Mdomo wa juu huungana kati ya wiki ya 4 na ya 7 ya ujauzito. Kaakaa, linalotenganisha kinywa na pua, huungana kati ya wiki ya 6 na ya 9. Vipande visipokutana, nafasi inabaki wazi: mdomo peke yake, kaakaa peke yake, au vyote viwili, upande mmoja au pande zote mbili.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hali hii humpata mtoto 1 kati ya kila 1,000 hadi 1,500 wanaozaliwa, na mashirika ya upasuaji hupenda kutaja 1 kati ya 700. Tanzania huzaliwa watoto zaidi ya milioni 2 kwa mwaka, kwa hiyo hata kwa kiwango cha 1 kwa 1,000 tunazungumzia watoto zaidi ya 2,000 kila mwaka. Ni wengi kuliko mtu anavyodhani, maana hawaonekani. Wengi wao wamefunikwa kanga usoni.

Chanzo chake ni mchanganyiko. Kuna urithi wa ukoo, wa baba na wa mama vilevile. Kuna moshi wa sigara, pombe, kisukari kisichodhibitiwa wakati wa ujauzito, na baadhi ya dawa za kifafa (mwenye kuzitumia asiziache kiholela, kifafa kisicho na dawa ni hatari kwake na kwa mimba, aongee na daktari mapema). Lishe duni inatajwa pia. Asidi ya foliki imethibitika vizuri kupunguza mgongo wazi, ila kwa mdomo na kaakaa ushahidi haujawa na kauli moja. Katika familia nyingi chanzo hakipatikani hata vipimo vifanywe vipi. Na angalia zile wiki: mdomo unapomaliza kuungana, wanawake wengi bado hawajaenda kupima kama wana mimba, sembuse kuanza kliniki. Mama anayeulizwa "ulifanya nini?" anaulizwa kuhusu siku ambazo hakujua kuwa ana mtu tumboni.

Jina na lawama

Mtaani hali hii inaitwa mdomo sungura. Siku hizi wahudumu wa afya wanajitahidi kusema mpasuko wa mdomo au mdomo wazi, na wanafanya vyema, maana jina la mnyama likishambandika mtoto halibanduki. Inaniuma zaidi ninapokumbuka kwamba katika hadithi zetu za jioni sungura ndiye mjanja, ndiye anayewashinda fisi na simba. Watoto tuliokulia kwenye hadithi hizo ndio tuliogeuza jina lake kuwa tusi shuleni.

Nyuma ya jina kuna maelezo ambayo kila mtu kijijini anayo tayari kabla nesi hajafungua kinywa. Mama alimcheka mlemavu akiwa mjamzito. Mama alikula sungura. Mama alichoma sindano za uzazi wa mpango. Karogwa na mke mwenzie. Kuna laana upande wa kwao. Si Afrika peke yake iliyo hivyo: Mexico wajawazito hufunga ufunguo au pini ya chuma kiunoni siku ya kupatwa kwa mwezi ili mtoto asizaliwe na mpasuko. Binadamu kila mahali hutafuta sababu, na wasipopewa ya kweli huitunga. Kinachonishtua ni jinsi sababu zote zilizotungwa zinavyoelekea kwa mtu mmoja. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoanza na neno "baba".

Watu huichukulia lawama kama suala la hisia, wakaliweka kando na mambo ya tiba. Lakini fuata mkondo wake. Mama aliyelaumiwa humficha mtoto. Mtoto aliyefichwa hapelekwi kliniki ya watoto, hapimwi uzito, chanjo zinampita. Baba anayesema "ukoo wetu hauna watu wa hivi" anakuwa amejitoa kwenye nauli, kwenye maziwa na kwenye saini ya kuruhusu upasuaji. Mama mkwe akiwa ndiye mwenye kauli ya nani aondoke nyumbani na lini, rufaa iliyoandikwa zahanati inakaa juu ya kabati mpaka wino unafifia. Na mama mwenyewe, akiwa analia usiku, maziwa yake yanashuka kwa shida, kwa sababu homoni inayosukuma maziwa yatoke huzuiwa na msongo wa mawazo. Lawama inageuka gramu kwenye mizani.

Upande wa pili upo, na nimeuona. Bibi anayesadiki ana nguvu kuliko bango lolote la wizara. Katika nyumba ambayo bibi amekaa na nesi, akaonyeshwa picha za mtoto kabla na baada ya upasuaji, akaambiwa kwa heshima kwamba mwanawe na mkwewe hawakukosa kitu, mtoto anashikwa. Akishashikwa na bibi, anashikwa na wote. Kwa hiyo ushauri nasaha ukitolewa kwa mama peke yake, dirishani, kwa dakika tano, sehemu kubwa ya kazi haijafanyika. Mwenye kuitwa ni yule aliyebaki nyumbani.

Maziwa na saa za mama

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo watoto wengi wanapopotea.

Mtoto hunyonya kwa kufunga midomo na kuvuta, kama mtu anavyovuta soda kwa mrija. Kaakaa likiwa wazi hakuna cha kuvutia: hewa inapita puani, ni kama mrija wenye tundu ubavuni. Mtoto mwenye mpasuko wa mdomo pekee mara nyingi hunyonya vizuri, titi lenyewe huziba ufa, au mama huuziba kwa kidole gumba. Mwenye mpasuko wa kaakaa hushindwa. Anajitahidi titini kwa muda wa saa nzima, anachoka, analala. Kila mtu anadhani ameshiba, kumbe amelala kwa uchovu na njaa.

Njia ipo na haihitaji mashine. Mama anakamua maziwa yake kwa mkono kwenye kikombe kilichochemshwa, anampa mtoto kwa kikombe kidogo au kijiko akiwa amekaa wima, anambeulisha mara kwa mara kwa sababu anameza hewa nyingi. Mlo mmoja usizidi nusu saa, la sivyo mtoto anatumia nguvu nyingi kuliko anazopata. Kila wiki anapimwa. Akiongezeka gramu 150 hadi 200 kwa wiki, kazi inaenda.

Sasa piga hesabu ya saa. Milo 8 kwa siku, nusu saa kila mlo: saa 4. Kukamua mara 8, tuseme dakika 20 hadi 30 kila mara: karibu saa 3 hadi 4 nyingine. Jumla ni muda wa saa 7 au 8, siku nzima ya kazi ya mtu aliyeajiriwa ofisini, na inagawanyika mchana na usiku bila siku ya mapumziko. Mama huyu ana watoto wengine wawili au watatu, anachota maji, ana shamba au biashara ya nyanya. Hakuna mahali ambapo saa 8 zinaweza kutokea isipokuwa mtu mwingine aache kazi yake azishike.

Zisipopatikana, yanafanyika yale yanayofanyika. Maziwa ya ng'ombe yanaongezwa maji. Uji mwepesi unaanza mtoto akiwa na wiki tatu. Chupa inanunuliwa, inasuuzwa kwa maji ya kisimani, kuhara kunaingia. Anayetazama kwa nje anasema mama hana elimu. Mimi nimekutana na akina mama waliojua kila hatua kwa moyo na wakashindwa kwa sababu siku ina saa 24. Maneno "mpe elimu mama" yamekuwa mepesi mno midomoni mwetu. Elimu anayo, mikono ndiyo hana.

Takwimu zilizokusanywa na shirika la Smile Train kwa watoto zaidi ya 600,000 walio chini ya miaka 5, kutoka nchi 101, zilionyesha kwamba zaidi ya robo yao walikuwa na uzito pungufu walipofika kufanyiwa upasuaji wa kwanza. Kumbuka hao ndio waliofika. Waliokufa nyumbani hawamo.

Na uzito huo ndio mlango wenyewe wa upasuaji. Kwa miaka mingi madaktari wametumia kanuni rahisi ya kumi tatu kabla ya kuunga mdomo: umri wa wiki 10, uzito wa pauni 10 (kama kilo 4.5), na himoglobini, kipimo cha wingi wa damu, ya gramu 10 kwa desilita. Sababu yake ni usalama wakati wa usingizi wa dawa. Mtoto anayenyonya vizuri hufikia kilo 4.5 akikaribia miezi miwili. Mtoto wa vijiko anaweza kuwa na miezi mitano na kilo 3.8. Upande wa damu, utafiti wa kitaifa wa afya Tanzania wa mwaka 2015–16 ulikuta asilimia 58 ya watoto wa miezi 6 hadi 59 wana upungufu wa damu, yaani himoglobini chini ya 11, na hao ni watoto wote kwa jumla. Ongeza malaria ya Kanda ya Ziwa. Hivyo mtoto anaambiwa arudi akinenepa, ilhali kisichomnenepesha ni ule ufa anaoambiwa arudi nao nyumbani. Hospitali isiyo na mtu wa lishe wa kumfuata mtoto huyo kati ya safari ya kwanza na ya pili inamfungia mlango kwa adabu.

Njia ya kwenda hospitali

Upasuaji wa bure ni kweli upo. Operation Smile, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1982, ilifika Kenya mwaka 1987 kwa kambi za madaktari. Smile Train, iliyoanza mwaka 1999, ilichagua njia nyingine: kulipia gharama katika hospitali za nchi husika na kuwafundisha madaktari wa hukohuko, ili huduma ipatikane mwaka mzima. Dar es Salaam wazazi huelekezwa hospitali ya CCBRT, Kanda ya Ziwa huelekezwa hospitali ya Bugando jijini Mwanza, Uganda kuna hospitali ya CoRSU kando ya barabara ya Entebbe. Ninaamini njia ya pili ni bora kwa mtoto, kwa sababu kambi huja na kuondoka, na mtoto aliyekuwa na mafua siku ya kambi anasubiri kambi nyingine. Lakini hata njia hiyo inaanzia mlangoni mwa hospitali. Mama yuko mbali na mlango.

Tuseme anaishi kisiwa cha Ukara, ndani ya Ziwa Victoria. Anavuka kutoka Bwisya hadi Bugolora kwenye kisiwa cha Ukerewe, anapanda gari hadi Nansio, hospitali ya wilaya inamwandikia rufaa. Kutoka Nansio anapanda meli hadi Mwanza, majini kwa muda wa saa tatu hivi, kisha daladala au bodaboda hadi juu ya kilima cha Bugando. Hiyo ni kwenda. Lazima awe na msindikizaji, maana mtoto wa hivi hawezi kulishwa na mtu huyohuyo anayepanga foleni ya kadi. Msindikizaji anakula, analala. Wakifika, daktari anasema damu haitoshi, warudi baada ya mwezi. Nauli inaanza upya.

Kuna gharama ambayo haimo kwenye karatasi yoyote ya hospitali. Wanawake wengi wa visiwani huishi kwa kuanika dagaa. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikijaa uvuvi unasimama. Tarehe ya rufaa ikiangukia wiki za giza, mama anachagua kati ya mdomo wa mtoto na pesa ya mwezi mzima ya watoto wengine. Anayepanga tarehe hospitalini hajui jambo hilo, na mama haoni kama lina nafasi ya kusemwa mbele ya daktari. Swali moja tu, "mama, wiki gani ni nyepesi kwako?", lingebadilisha nani anarudi na nani harudi.

Sera ya Tanzania inasema mtoto wa chini ya miaka 5 hatozwi katika vituo vya umma. Ni sera nzuri, na wazazi wanajua kwamba sindano au dawa ikikosekana dirishani wanaelekezwa duka la nje. Sera hiyo haisemi lolote kuhusu meli.

Wapo waliokwisha kuonyesha jinsi nauli inavyoweza kutatuliwa. Tangu mwaka 2009 CCBRT iliwatumia wanawake wenye fistula, tundu la uzazi mgumu linalovujisha mkojo, nauli kwa M-Pesa kupitia balozi wa eneo lao, mtu aliyewatambua na kuwasafirisha, na wanawake waliokuwa wamekaa na fistula kwa miaka wakaanza kufika. Wazo lilelile linafaa kwa mtoto mwenye mpasuko: mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayemjua mtoto kwa sura, na pesa ya nauli inayotangulia safari. Kurudishiwa nauli baada ya kufika hakumsaidii mtu ambaye hakuwa nayo ya kuanzia.

Umbali umefika mahali umebadilisha hata upasuaji wenyewe. Kawaida mdomo huungwa kwanza mtoto akiwa na miezi mitatu hadi sita, kisha kaakaa baadaye, karibu na mwaka mmoja. Uganda madaktari walijaribu kufanya vyote viwili kwa mara moja kwa watoto wa chini ya miezi 10, na moja ya sababu ilikuwa hii: familia ikishaona mdomo umeungana, nyingi hazirudi tena. Uso umepona, watu wameacha kutazama, nauli ni ileile. Kwa nini warudi?

Kaakaa lisiloonekana

Hili ndilo swali linalonikosesha raha zaidi, kwa sababu kaakaa ndilo linaloamua mtoto atasema na kusikia vipi, nalo halionekani. Mwenye mpasuko wa kaakaa pekee huzaliwa na uso usio na dosari. Mkunga akitia kidole tu anaweza kuukosa ufa ulio nyuma, penye nyama laini. Anapaswa kumulika kwa tochi na kutazama mpaka mwisho. Mwaka 2022 wanawake 81 kati ya kila 100 walijifungulia kituoni Tanzania, kutoka 63 mwaka 2015–16, kwa hiyo nafasi ya kumulika ipo kuliko zamani. Ni sekunde kumi za kazi. Zikikosekana, mtoto anaitwa mgonjwa wa kifua au mlegevu wa kunyonya kwa miezi, na mama anabadilishiwa dawa ya kikohozi.

Misuli ya kaakaa ndiyo inayofungua mrija mwembamba unaoingiza hewa kwenye sikio la kati. Kaakaa likiwa limepasuka misuli hiyo haivuti sawasawa, maji yanajaa nyuma ya ngoma ya sikio, na karibu watoto wote wenye mpasuko wa kaakaa hupitia hali hiyo. Hawasikii vizuri. Kiswahili chetu kina neno moja la kusikia sauti na kusikia amri, na mtoto huyu analipa gharama ya neno hilo: "Huyu hasikii!" anasema mwalimu, na fimbo inafuata. Anakaa nyuma darasani kwa aibu ya kovu lake, mahali ambapo sauti ya mwalimu inafika imekatika. Kumhamishia kiti cha mbele hakugharimu shilingi, ila lazima mtu awe amemwambia mwalimu.

Kisha maneno. Ili utamke b, unafunga midomo, kaakaa linainuka kuziba njia ya pua, pumzi inajikusanya, unaachia. Njia ya pua ikibaki wazi pumzi inaponyokea huko, na b inatoka kama m, d inatoka kama n. Mtoto anamwita "baba", masikio ya nyumba nzima yanasikia "mama". Anamwita dada yake, inasikika "nana". Kwa Kiswahili wanasema anaongea kwa king'ong'o, wenzake wanamwigiza, na kufikia darasa la pili amejifunza kwamba salama yake ni kunyamaza. Mwalimu anaandika kwenye ripoti kwamba hajui. Nimesoma ripoti za namna hiyo za watoto waliojua kila kitu.

Ndiyo maana umri wa kuunga kaakaa una uzito. Likiungwa kabla ya miezi 18, mtoto anajifunza kusema akiwa na kinywa kilichotengenezwa. Likiungwa akiwa na miaka 9, kinywa ni kipya lakini ulimi umeshazoea njia za kukwepa: kubana koo badala ya kufunga midomo, kusukuma pumzi puani. Upasuaji haufuti mazoea hayo. Anahitaji mtaalamu wa matamshi, na hao ni wachache mno. Chuo Kikuu cha Makerere kilianzisha shahada ya fani hiyo mwaka 2008, na mpaka leo ukitoka nje ya miji mikubwa ya ukanda huu unaweza kupita mikoa kadhaa usimpate hata mmoja. Kazi inabaki kwa mama, aliyefundishwa siku moja wodini, kwa michezo ya kupuliza manyoya ya kuku mezani na kurudia maneno mafupi kila jioni: papa, baba, paka, tatu.

Kuna kipimo kidogo anachofundishwa, kinachohitaji kioo cha mfukoni tu, kile cha kupakia wanja. Anakishika chini ya matundu ya pua ya mtoto na kumwambia aseme "baba". Pumzi ikivuja puani, kioo kinaingia ukungu. Anakipangusa kwa kanga, anamwambia aseme tena. Baba. Baba. Anakigeuza kwenye mwanga wa mlango atazame kama kimebaki kikavu.